Ngoma Inayolegea Juani

Kijijini kwetu, upande wa Usoke, mtu mzima hasemi "nimechoka" shambani. Akisema ataitwa kupe, na siku hizi jina la kupe si la mchezo. Kila mkutano tunaambiwa kupe ni mnyonyaji, na mnyonyaji ni adui. Mimi nimeitwa kupe mara nyingi hadi nikipishana na ng'ombe nasikia kama nimeonana na mwenye nyumba wangu. Lakini mimi ni mwanafunzi, na wanafunzi tumezoea. Mtu mwenye mke, watoto na mbuzi wake hawezi kukubali jina hilo. Kwa hiyo watu wa kwetu walikuwa na namna yao ya kupumzika bila mtu yeyote kuchoka. Aliyechoka ilikuwa ngoma.

Shamba la ujamaa tunalilima kwa mstari. Watu wanajipanga bega kwa bega, majembe yanapanda na kushuka pamoja, na mbele ya mstari anatembea kinyumenyume mjomba wangu, kaka yake mama, ngoma imemning'inia shingoni. Yeye halimi. Anapiga, anaimba, anamsuta anayebaki nyuma, na mstari unamfuata kama ng'ombe wanaofuata chumvi. Ikifika wakati anasimama. Anaigonga ngozi kwa kidole kimoja, anaitegea sikio, anatikisa kichwa kama aliyeletewa habari za msiba, kisha anatangaza:

"Imelegea."

Basi, majembe chini. Ngoma iliyolegea haipigwi, na bila ngoma hakuna mstari. Mjomba anakusanya majani makavu, anawasha moto, anaigeuzageuza ngoma juu ya miali. Anabana ugoro puani. Anapiga chafya. Anaonja sauti, bado. Anairudisha motoni. Sisi tuko kivulini, kibuyu cha maji kinapita mkono kwa mkono, kina mama wamefungua vitambaa vya viazi vikavu na karanga, na bibi yangu mzaa baba amenyoosha miguu ananitafutia matusi.

"Mume wangu," ananiambia, maana kwetu bibi na mjukuu ni watani, "tuta lako limepinda. Ulikuwa unalima au unamfukuza panya?"

"Nilikuwa nakutazama wewe, mke wangu."

"Ungetazama jembe. Mimi sitoroki."

Watu wanacheka. Mjomba anaipiga ngoma, inaitika, tunainuka. Ukituuliza mlikuwa mnafanya nini, tutakujibu tulikuwa tunaingoja ngoma.

Asubuhi kuna umande, na ngoma ina haki yake ya kulegea. Lakini saa sita mchana, katika jua la Unyamwezi kabla ya mvua, jua ambalo ukianika karanga mchangani utazikuta zimekaangika? Ngozi gani hulegea juani? Hilo nililijua tangu nikiwa darasa la tatu. Na si mimi peke yangu, kila aliyeshika jembe alilijua. Hakuna aliyelisema, maana kulisema kungekuwa sawa na kukojoa kisimani.

Kaka yangu hakujua kwamba hilo halisemwi. Yeye ndiye mtoto wa kwanza kwetu, na alikulia mjini kwa shangazi, akasoma huko, akapata kazi reli. Kijiji cha ujamaa kilipoanzishwa aliacha kazi yake akarudi nyumbani. Nasema aliacha: mshahara, kofia, pasi ya kupanda garimoshi bure. Alikiamini kijiji kuliko sisi tuliozaliwa tukaachwa humo. Akapelekwa mafunzo ya kilimo, akarudi na viatu vya buti, mkutano ukamchagua kuwa msimamizi wa shamba.

Mwaka jana mvua zilichelewa, na shamba la tumbaku nalo likachelewa. Miche kitaluni ilianza kurefuka shingo, na matuta hayakuwa hata nusu. Mkutanoni, nilivyosimuliwa, mzee mmoja akasema wazi kwamba kijana amepewa mzigo mkubwa kuliko kichwa chake. Kaka akasimama.

"Mvua ya kwanza itayakuta matuta yote yako tayari," alisema. "Ikikuta hata moja limebaki, usimamizi nauacha hapahapa mbele yenu. Mtampa mwingine."

Mama alishika kidevu. Baba alitazama chini. Reli hawamrudishi mtu aliyeondoka mwenyewe, na kijijini mtu akishindwa mbele ya mkutano, hata mbuzi wake huonekana wamekonda. Kaka alikuwa ameweka kila alichobaki nacho juu ya matuta yale.

Mimi wakati huo nilikuwa Tabora mjini, kidato cha pili, nakaa kwa shangazi, mtaa wa Chemchem. Kaka akaniagiza kwamba shule ikifungwa nije na filimbi, ile ya mwalimu wa michezo, yenye kokwa ndani. Siku ya kufunga shule nikaenda duka moja la Mhindi sokoni. Nikakuta mlango umefungwa. Nikagonga. Kichwa cha mwenye duka kikatokea dirishani juu, nywele zimevurugika.

"Nani?"

"Mnunuzi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Rudi saa nane."

"Nataka filimbi tu."

"Filimbi inalala. Na mimi nalala. Saa nane."

Nikakaa kibarazani, nikingoja mtu amalize kupumzika ili aniuzie kitu cha kufuta mapumziko. Saa nane akashuka amenawa uso, macho maangavu, akanihudumia haraka, akanitania kwamba nimepauka kama mtu aliyepigwa na jua. Nilikuwa nimepigwa na jua kweli.

Nilipofika nyumbani kaka aliipokea filimbi kama mtu anayepokea bunduki. Kesho yake shambani alimfuata mjomba, nasi tumekwishajipanga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba."

"Leo naomba ngoma ibaki nyumbani."

"Inaumwa?"

"Inatupotezea muda. Jana imepashwa moto mara ngapi? Jua hili, mjomba, ngoma gani inalegea?"

Mstari mzima ukakauka. Bibi akakohoa. Mjomba akaivua ngoma shingoni, akaibana kwapani.

"Umesema kweli," alisema. "Juani hailegei."

Akaenda zake nyumbani. Sijawahi kuona mtu akishinda ubishi na kuonekana mpweke kama kaka asubuhi ile.

Filimbi, nikiri, ilianza vizuri. Haina ngozi, hailegei, haivuti ugoro. Kaka aliipuliza tukaanza, akaipuliza tukageuza, na ilipolia ya mwisho jua lilikuwa linakaribia kuzama. Tulikuwa tumelima eneo ambalo kwa ngoma lingetuchukua siku na robo. Kaka alitembea juu ya matuta kwa buti zake, uso umekunjuka. Hata mimi nilinyamaza.

Siku ya pili tulilima kama siku za ngoma. Siku ya tatu tukapungukiwa. Kaka alipima kwa fimbo yake akarudia, kana kwamba fimbo ndiyo mwongo. Muda wa kazi ulikuwa umeongezeka, matuta yamepungua. Kama ni hesabu ya shuleni ningemwambia mwalimu kitabu kimekosewa.

Lakini aliyekuwa kwenye mstari aliona. Kwanza mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, ukishika mpini ni kama umeshika kaa la moto. Kisha kila mtu akaanza kuiba. Tulikuwa waaminifu wote, lakini mtu asiyepewa pumziko ataliiba tu. Majembe yakaanza kuchomoka kwenye mipini kwa zamu, la huyu likipona la yule linaugua, na jembe lililochomoka lazima lilowekwe majini. Matumbo yakaharibika, kila saa mtu anaelekea porini. Mimi nilikwenda porini mara nyingi hadi kenge mmoja alinizoea. Na huko porini hupumziki. Umechuchumaa, shingo umeigeuza, unasikiliza kama filimbi inakuita, unatunga uongo wa kurudi nao. Nilikuwa nikirudi nimechoka kuliko nilivyoondoka.

Maji yalisahauliwa. Utani ulikufa. Matuta yakaanza kupinda na kuwa mafupi kimo, aina ya tuta ambalo mvua moja hulilaza, na kaka akiona hilo anaamuru lirudiwe. Kwa hiyo tukawa tunalima mara mbili ili tupate moja. Bibi akabaki nyumbani, mgongo umekataa. Baada yake ikaingia kijijini homa ya ajabu, inampata mtu alfajiri na kumwacha jioni.

Jioni moja nilijaribu kusema na kaka. Tulikuwa uani, anaosha buti.

"Kaka, hata garimoshi husimama stesheni."

"Wewe si garimoshi."

"Ndiyo maana nachoka zaidi. Mimi sina makaa ya mawe."

"Una mdomo. Ungelima kwa mdomo tungekuwa tumemaliza."

"Bibi anasema babu yake alibeba pembe za ndovu kwa njia hiyohiyo inayopita pembeni mwa shamba, mpaka pwani. Anasema walikuwa wanatua mizigo."

"Na walikuwa watumwa wa biashara ya wengine. Sisi ni watu huru."

"Basi mtu huru hatui?"

Alinirushia kiatu kimoja. Nilikidaka. Niliona mikono yake ilivyokuwa: malengelenge juu ya malengelenge, vitambaa vimegandamana na damu. Yeye hakuwa akiiba kama sisi. Alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, hakukaa chini hata wakati wa kula, alikula amesimama ili asionekane kupe. Nilimrudishia kiatu chake.

Kesho yake, jua likiwa utosini, kaka alikuwa kwenye mstari karibu nami. Jembe lake lilipanda. Nikaliona linashuka mahali si pake, polepole hivi, kama mtu anayesinzia akiinamisha kichwa. Likashukia mguuni. Siku hiyo alikuwa amevaa ndala, kwa sababu buti zilikuwa zimemchubua. Alitazama mguu kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha akakaa chini, na ilikuwa mara ya kwanza tangu filimbi ije.

Tulimpakia kwenye baiskeli mpaka zahanati. Mganga, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alimshona huku akimuuliza maswali.

"Leo umekunywa maji?"

"Sijapata nafasi."

"Umelala?"

"Kidogo."

"Unajua umejikata?"

"Nimeona, daktari. Nilikuwepo."

"Hukuwepo," alisema mganga, akikata uzi. "Ungekuwepo usingejikata. Mguu huu usikanyage chini mpaka kidonda kifunge."

Nilirudi naye nimemkalisha kwenye keria ya baiskeli, tukafika njia panda. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Urambo, mepesi bado, kama pamba. Aliyatazama. Akavua filimbi shingoni akaninyooshea.

"Kesho utapuliza wewe."

"Nikipuliza mimi watadhani ni mpira. Watauliza goli liko wapi."

"Sasa nifanye nini?" Hakuniuliza kwa hasira. Aliniuliza kama mtu anayetaka jibu, na hajawahi kuniuliza hivyo tangu nizaliwe.

"Mjomba ana ngoma," nikasema.

"Juani hailegei."

"Hailegei, kaka. Watu ndio wanaolegea. Ngoma inawasemea tu."

Baiskeli ilikuwa inalia tairi la nyuma, ngiri ngiri. Nilidhani nimepita mpaka, na nilikuwa nimejiandaa kukimbia, maana mwenye mguu mmoja hawezi kunifukuza.

"Geuza," alisema. "Twende kwa mjomba."

Mjomba tulimkuta mlangoni anatwanga ugoro. Hakuinuka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nimesikia. Mguu vipi?"

"Unauma."

"Na filimbi?"

"Yenyewe haiumwi."

Mjomba akatwanga kidogo. "Ndiyo ubaya wake," alisema.

Kaka akajisogeza mbele kwenye keria. "Mjomba, mvua inakuja na shamba halijaisha. Naomba ngoma irudi. Nilikosea mbele ya watu, na kesho nitakuomba tena mbele ya watu."

"Ngoma ipo," alisema mjomba, "lakini siku zote hizi imekaa tu. Imelegea."

"Nitaipasha moto mimi," kaka akajibu. "Nami sina kazi nyingine. Sina mguu."

Mjomba akacheka mpaka ugoro ukamwagika.

Kesho yake habari ilikuwa imeenea, homa ya alfajiri ikaisha yenyewe. Bibi alikuja na jembe lake, mgongo umefungwa kanga. "Mwangaluka," alitusalimu kwa Kinyamwezi, kisha akamtazama kaka aliyewekwa kwenye kigoda kando ya shamba, mguu umefungwa kitambaa cheupe, kuni na majani makavu mbele yake. "Huyu mume wangu mwingine ameolewa lini jikoni?"

"Leo, bibi," kaka akasema.

Kazi ikaenda. Ngoma ililia, ikalegea, ikaletwa kwa kaka, akaipasha. Mara ya kwanza aliipasha haraka haraka na kumrudishia mjomba. Mjomba akaigonga, akasema bado. Akairudisha. Mara ya pili kaka alianza kututazama, na alipokuwa amekaa aliona ambacho akiwa na jembe hakuweza kukiona. Nilimwona anamtazama bibi anavyojinyoosha, kina mama wanavyonyonyesha, vijana wanavyolowesha mikono iliyochubuka, na watu wanavyochekana kwa matuta yaliyopinda, kisha wanakwenda kuyanyoosha wenyewe bila kuamriwa. Akatazama matuta ya asubuhi ile. Yalikuwa yamenyooka. Hakuna lililorudiwa.

Tulikwenda hivyo siku kadhaa, na mawingu nayo yalikwenda nasi. Yale ya pamba yakawa ya kijivu, ya kijivu yakawa ya bluu. Siku ya mwisho kilibaki kipande cha upande wa kichuguu, kipana vya kutosha kumvunja mtu moyo. Upepo ukaanza kunuka mvua. Watu wakapandwa na wazimu. Mjomba alipiga ngoma kama anafukuza nyuki, majembe yakapanda na kushuka ovyo, na hata mimi, kupe mkuu wa kijiji, nilikuwa nalima ulimi nje.

"Tusisimame!" mtu alipiga kelele. "Twende mpaka iishe!"

"Twende!" tukaitikia wote.

Mjomba mwenyewe hakuwa na mpango wa kusimama. Nikasikia sauti ya kaka kutoka kwenye kigoda.

"Mjomba, lete ngoma."

"Sasa hivi?"

"Imelegea. Naisikia hapa."

Mstari ukafoka. Mtu mmoja akauliza kama jembe lilimkata mguu au masikio. Mzee yuleyule wa mkutanoni akanyoosha kidole mbinguni: "Wewe ndiye uliyeahidi! Mvua hiyo!"

"Naiona, mzee. Shikamoo. Ngoma imelegea." Uso wake ulikuwa umepauka, jasho linamtoka, lakini mkono aliounyoosha ulikuwa umetulia. "Na tazameni matuta matatu ya mwisho."

Tukatazama. Yalikuwa yamepinda kama mkia wa mbuzi. Na bibi alikuwa ameegemea mpini wake kwa kifua, hasemi kitu, na bibi akikosa la kusema ujue hali ni mbaya.

Mjomba akaipeleka ngoma. Tukakaa chini kwa hasira, tunatazama mawingu, tunakunywa maji kama tunakunywa dawa. Mimi ndiye niliyekaa karibu na moto. Kaka alikuwa anaigeuza ngoma taratibu, bila haraka hata chembe. Nikaunyoosha mkono nikaigusa ngozi. Ilikuwa imekaza kama ngozi ya paji la uso. Kwa kuipasha tena angeweza hata kuipasua. Ndipo nikaona kwamba alikuwa anaigeuza mbali na moto, anajifanya tu.

Alinitazama. Nilikuwa na maneno kumi ya kumwambia, yote ya kuchekesha. Nikalala chali nikafumba macho.

Ngoma ilipolia tena tuliinuka pamoja. Yale matatu yaliyopinda tukayanyoosha tukipita, na kilichobaki tukakilima kwa mwendo wa kawaida, mwendo wa watu wanaokwenda sokoni. Bibi alirudisha mdomo wake: "Mume wangu, ukimaliza hilo uje unibebe." Matone ya kwanza yalituangukia tukiwa kwenye tuta la mwisho, makubwa, yametengana, kila moja likitoboa shimo lake kwenye vumbi. Tulilimaliza ndani ya manyunyu, tukageuka kumtazama kaka. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, filimbi shingoni, analowa, wala hakuipuliza.

Mjomba aliendelea kupiga kidogo, kwa furaha tu. Kisha maji yakaingia kwenye ngozi, sauti ikashuka, ikawa bu, bu, kama mtu anayegonga gunia. Akaacha. Safari hii ilikuwa imelegea kweli, na hakuna aliyehitaji kuambiwa.